Mchele wa Kutooshwa

Mabatini, Mwanza
6 Machi 1996

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Mimi sijambo, hofu yangu ni kifua chako. Dawa bado ipo?

Mama, nimeharibu. Mama Chenge, mwenye nyumba ya wageni hapa mjini, anatafuta mpishi wa Waitaliano wa kiwanda cha samaki. Alinipa pakiti yao ya wali wa uyoga, ya kupika dakika kumi na tano tu. Nikaipike nyumbani, Jumamosi ya tarehe 16 nipeleke sufuria waonje. Nilipoifungua nikaona mchele una vumbi na vitakataka vyeusi. Nikaupepeta, nikauosha maji matatu kama ulivyonifunza. Jirani yangu Winnie akaitazama picha ya pakiti, akashika kichwa. Vumbi lile ndilo viungo, na takataka ndiyo uyoga!

Pakiti nyingine haipatikani mjini. Lakini sirudi Kamachumu mikono mitupu. Mchele nimeuanika. Nitumie uyoga wako mkavu.

Mwanao,
Kemilembe

Kamachumu
10 Machi 1996

Mwanangu Kemilembe,

Marahaba. Kifua kinanisumbua asubuhi tu. Uyoga nimempa Projest, kijana wa jirani, anapanda meli ya Mwanza leo bandarini Kemondo. Uloweke kwa maji ya moto, na maji yake usimwage, upikie wali.

Mchele wenye vumbi ungeachaje kuuosha? Mimi kosa silioni. Nyumba hii ina upweke bila wewe, ningefurahi urudi. Ila usirudi kwa ajili ya pakiti.

Mama yako

Mabatini, Mwanza
17 Machi 1996

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Kifua je? Mimi mzima, na kazi nimepata!

Nilimweleza Mama Chenge ukweli kabla hajafunua sufuria. Akanuna. Wageni wakala, mmoja akakomba sufuria kwa mkate, akauliza pakiti hiyo inatoka wapi. Mama Chenge akajibu, "Kamachumu." Naanza kesho.

Mgeni yule amenipa pakiti nyingine, nakutumia wewe. Chemsha maji, mimina yote, koroga mpaka yakauke. Nakusihi Mama, usiuoshe.

Mwanao,
Kemilembe

Kamachumu
24 Machi 1996

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kimetulia. Pakiti imefika. Barua nimesomewa mara mbili na mtoto anayeniandikia, na hilo la kutoosha nimelisikia vizuri.

Nimeuosha. Maji matatu. Nikatia uyoga wangu, nikala peke yangu, nikalia kidogo kwa furaha. Sufuria nimeikomba kwa kidole.

Mama yako