Akina Logan wa Unga

Morven, uko? Baba amempiga Fergus chupa ya wiski kichwani. Kwenye mkutano wa ukoo, mbele ya akina Logan wote!

Si unajua baba anavyojigamba kwamba sisi ni damu ya Logan, yule bwana wa ngome wa zamani? Basi binamu yangu Fergus, na ualimu wake wa historia, kapanda jukwaani. Kasema Logan ni jina la mabonde mengi, na wenye jina hilo wengi wala hawahusiani. Halafu akamgeukia baba: "Na babu zetu sisi, mjomba, walikuwa wapangaji tu kwenye mashamba ya huyo bwana. Walichukua jina lake ili wapewe unga."

Unga, Morven! Mbele za watu!

Baba akasema, "Rudia." Na yule mpumbavu akarudia!

Chupa ikampasukia kichwani. Akainuka damu zikimtiririka, akamtandika baba kiti cha mdomo. Meno mawili yakaangukia kwenye sahani ya biskuti ya shangazi Una.

Sasa niko na baba kwenye ambulensi. Njia nzima kajifunika uso, nikadhani analia. Kumbe anawaza. Kanivuta mkono:

"Eilidh, hebu muulize Fergus. Walipewa gunia zima?"