Soksi Ishirini na Tano

Kambini,
Alhamisi asubuhi.

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku tulikofungiwa. Hapa ndipo ningekuuliza kama hujambo, lakini naona aibu, maana hali yako naijua. Leo ni siku ya tisa unakaa kwenye kile kibenchi nje ya geti la hospitali, ukingoja muuguzi atoke akuambie shemeji anapumuaje. Mimi ni mzima. Nimepimwa mara mbili, hawakukuta kitu. Nakula, nalala, nafua. Na uzima wenyewe ndio unaoniumiza, amini usiamini.

Jana niliongea na watoto kwa simu. Mkubwa anajikaza. Mdogo akaniuliza, eti mjomba, baba atarudi na basi au atarudi kwa miguu. Nikamwambia ataona mwenyewe. Halafu wakanishtakia kwamba hujaenda nyumbani kuoga tangu juzi. Dada, nenda ukaoge. Hicho kibenchi hakina miguu ya kukimbilia.

Najua umeninunia kwa sababu sijafika hospitali hata mara moja. Si kwamba sijajaribu. Nilimwendea katibu wa timu nikamkumbusha kwamba mgonjwa ni mume wa dada yangu, na ameendesha basi la timu hii miaka kumi na moja bila kukwaruza hata kioo. Katibu alinisikiliza vizuri tu, barakoa ikiwa kidevuni, akasema anaelewa sana, ila mtu akitoka kambini harudi mpaka siku kumi na nne zipite, na timu haina mtu mwingine wa kutunza vifaa. Nikamwuliza mbona Jumapili tulitoka wote. Akasema kwenda kucheza si kutoka. Nikarudi zangu na kapu langu la nguo. Hebu niambie wewe uliyesoma, hiyo ni akili gani?

Maisha ya hapa ungeyaona ungecheka, kama ungekuwa na nafasi ya kucheka. Kambi yenyewe ni hosteli ya ghorofa mbili nyuma ya uwanja wa mazoezi. Tunakula kwa zamu, kila mtu meza yake, kama watoto wanaofanya mtihani. Wachezaji wameambiwa wakifunga goli wasikumbatiane. Wiki iliyopita mshambuliaji wetu, yule wanayemwita Treni, alifunga akatimua mbio hadi kwenye kona, akakumbuka, akakumbatia kijiti cha bendera. Tulicheka jamani. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu viti elfu ishirini vilikuwa vitupu na kila mtu alijisikia anavyocheka. Katika uwanja mtupu unasikia kila kitu, hata kocha akitukana, hata goti la mtu likigonga goti la mwenzake. Mpira kweli unachezwa, lakini ni kama harusi iliyokosa bibi harusi.

Na sasa shemeji. Kwa simu nilikueleza nusunusu, acha nieleze sawasawa. Wachezaji na makocha wanapimwa kila baada ya siku tatu. Sisi wengine, yaani mimi, wapishi, mkata nyasi na dereva, tunapimwa mara moja kwa mwezi, kwa maelezo kwamba vipimo havitoshi. Safari ile ya mechi ya ugenini ilikuwa ya saa saba. Madirisha yalifungwa kwa sababu ya kiyoyozi, barakoa zikavuliwa kwa sababu ya kula, na mabeki wawili kule nyuma walikuwa nao ugonjwa bila kuonyesha dalili. Walijulikana kesho yake, wakatengwa, na siku tano baadaye walikuwa wanaruka kamba vyumbani mwao. Wana miaka ishirini na mbili. Shemeji ana hamsini na sita na sukari. Alianza kukohoa siku ya tatu, akajitetea eti ni vumbi la barabarani. Mimi ndiye niliyembebea begi lake hadi kwenye gari la wagonjwa. Akaniambia nihakikishe mtu asiwashe basi bila kulipasha moto kwanza. Hayo ndiyo aliyoniambia.

Sasa nifike kwenye lile la Jumapili. Uliponipigia ulikuwa umefura, na haki unayo. Uliniambia mke wa nahodha alikuja hapo getini na chupa ya chai na shuka safi, na wewe ukaimwaga ile chai mbele ya macho yake, ukamwambia akampelekee chupa tupu mumewe aliyetangaza redioni kwamba timu yetu imekubali kucheza. Ukasema ligi nzima imefufuliwa na klabu moja tu, kwa sababu kura zilikuwa tisa kwa saba, na kama sisi tungekataa zingekuwa nane kwa nane, na kanuni ilisema zikilingana ligi isimame. Hesabu yako haina kosa. Halafu ukanitaka jambo moja: nichunguze hapa ndani ni nani hasa walisema ndiyo, nikuletee majina, kwa sababu unataka kujua ni nani waliomlaza mume wako. Nikakudanganya kwamba naitwa, nikakata simu.

Hakuna aliyeniita, dada. Nilikwenda kukaa kwenye chumba cha kufulia, kati ya mashine mbili, nikalia mpaka mkata nyasi akaja kuuliza kama nimebanwa na mlango. Tangu siku hiyo nimejaribu kukupigia mara nne, na mara zote nimeizima simu kabla haijaita. Kwa maandishi labda nitaweza. Soma ukiwa umekaa.

Klabu ilipotakiwa kutoa jibu lake, mwenyekiti hakutaka lawama, akasema wachezaji waamue wenyewe. Sisi tuna namna yetu ya kuamua mambo katika chumba cha kubadilishia nguo, ipo tangu kabla yangu. Baada ya mazoezi kila mchezaji anatupa soksi moja kwenye kapu la nguo chafu. Ukikubali, unaitupa ikiwa sawa. Ukikataa, unaitupa ikiwa imepinduliwa ndani nje. Wanapitia kapuni mmoja mmoja, ili mtu asijue mwenzake kasema nini. Nahodha walimchagua hivyo, na hata rangi ya jezi za mazoezi iliamuliwa hivyo. Na anayehesabu ni mtunza vifaa, yaani mimi, kwa sababu mimi sina upande, na kwa sababu hakuna mtu mwingine anayetaka kushika soksi za watu zilizolowa jasho. Hilo la pili ndilo la kweli zaidi.

Siku ile nililiingiza kapu kwenye chumba cha kufulia, nikafunga mlango, nikazimwaga soksi kwenye meza. Zilikuwa ishirini na tano. Zilizopinduliwa zilikuwa kumi na nne. Zilizo sawa kumi na moja.

Walikataa, dada. Wachezaji walikataa kucheza.

Ya nahodha ilikuwa miongoni mwa zile kumi na nne. Naijua hata nikifumba macho, kwa sababu huikata unyayo akabakiza sehemu ya juu tu. Ilikuwa imepinduliwa. Yule uliyemmwagia mkewe chai alisema hapana.

Asubuhi hiyo katibu alikuwa ametusomea orodha ya watakaorudishwa makwao ligi ikisimama: wapishi, mkata nyasi, dereva, na mimi. Shemeji alisikiliza, akaenda kufuta vioo vya basi vilivyokuwa tayari vimefutwa, akavifuta tena na tena. Nilimwona. Basi nikajiambia: kumi na moja na kumi na nne, nikibadilisha nafasi zake tu, nani atajua? Nikazipindua zile soksi moja moja zikawa sawa zote, nikazitia kwenye mashine, nikawasha. Kisha nikatoka nikatangaza kwamba kumi na nne wamekubali na kumi na mmoja wamekataa. Kila aliyekataa alidhani ameshindwa na wenzake. Hakuna aliyenitilia shaka. Nani anitilie shaka mimi, Sabuni wao? Nahodha alishusha pumzi, akasema wengi wameamua, akaenda redioni kutangaza jambo alilolikataa yeye mwenyewe.

Mwanzoni nilijipa moyo kwamba nimefanya hivyo kwa ajili ya shemeji, kwa ajili yako na wapwa zangu. Hata siku ile nilipombebea begi bado nilikuwa najidanganya hivyo. Lakini nimekaa na jambo hili siku hizi tisa tangu alazwe na sitaki kukudanganya mara ya tatu. Nilifanya kwa ajili yangu. Niliogopa kukaa chumbani kwangu bila mtu wa kuniita. Hapa wananiita mara mia kwa siku, Sabuni jezi, Sabuni viatu, Sabuni plasta, nami nanung'unika kama mtu anayeonewa, kumbe ndiyo raha yangu. Wewe una watoto na mume. Mimi nina kapu. Niliogopa, basi, na kwa woga wangu mume wako anapumua kwa mashine.

Kwa hiyo majina uliyoyataka ni moja tu, langu. Ukimwona mke wa nahodha tafadhali umwombe radhi, na akileta chai uinywe. Nahodha bado sijamwambia. Nilitaka wewe uwe wa kwanza, kisha nitamwendea, nikipata miguu.

Lakini kuna jambo jingine, nalo ndilo lililonimaliza kabisa. Juzi ligi iliuliza tena. Kwa kuwa klabu tano zina wagonjwa, walitaka kila timu iseme kama raundi nne zilizobaki zichezwe au zifutwe. Kapu likawekwa tena katikati ya chumba. Niliomba mtu mwingine ahesabu, nikasingizia macho. Wakacheka, wakasema macho ya Sabuni yanaona doa la nyasi kwenye jezi nyeusi.

Nikajifungia tena. Nilikuwa na hakika, dada. Nilijiambia, kama walikataa wakati hakuna aliyekuwa mgonjwa, sasa watakataa wote, na mimi nitatoka nitangaze ukweli na angalau jambo moja litakuwa limenyooka. Nikazimwaga mezani. Zilizo sawa zilikuwa kumi na sita. Zilizopinduliwa tisa.

Nilihesabu mara tatu. Ya nahodha ilikuwa imepinduliwa, ile ile iliyokatwa. Lakini ya kipa, ambayo rangi yake ni tofauti na za wenzake, ilikuwa sawa, na kipa huniuliza habari za shemeji kila akiamka, na machozi yanamlengalenga kweli, hatii chumvi. Nimewasikia wanavyosema. Wanasema tuko nafasi ya pili, zimebaki mechi nne, na wakisimama sasa mateso yote yatakuwa ya bure. Wanasema hata dereva angependa wachukue kombe. Siwezi kuwachukia, ningependa niweze.

Na hapo mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye zile soksi. Nikafikiri, nimeshawahi kupindua ili wacheze, nashindwaje kupindua ili waache? Ni kazi ya dakika mbili tu. Kuna dereva mwingine sasa, naye ana mke. Nikashika soksi ya kwanza, nikaiweka. Nikaishika tena. Nilishindwa, dada. Nilitoka nikatangaza kumi na sita kwa tisa, kama ilivyokuwa. Wakanishukuru. Sijui kama huo ulikuwa uaminifu au ni woga ule ule umevaa nguo safi. Nilipodanganya nilimdhuru shemeji, na niliposema kweli sikumsaidia mtu. Jana matokeo yakatangazwa: klabu kumi kwa sita. Tunacheza.

Sikuombi unisamehe. Fanya utakavyo na barua hii, mpe katibu, wapelekee redio, au ichane. Ukitaka wapwa zangu wasiniite mjomba tena, nitajua nimepata ninachostahili. Ila kama muuguzi atakuruhusu kumpelekea shemeji neno, usimweleze haya mpaka apate nguvu. Atakapozipata nitakuja kumweleza mwenyewe, nikiwa nimepiga magoti.

Wasalimie watoto, mmoja mmoja. Msalimie pia huyo muuguzi anayekutokea getini, umwambie sisi tusiomjua tunamshukuru. Sisi tunaondoka kesho saa mbili asubuhi. Dereva mpya nimemwambia alipashe basi moto kwanza, nami nitahakikisha.

Barua hii anakuletea daktari wa timu, anapeleka vipimo huko hospitali; yeye peke yake ana ruhusa ya kutoka na kurudi. Nimempa pia ule mto mdogo ambao shemeji huukalia ili afikie usukani vizuri. Dereva mpya ni mrefu, aliutoa akauweka chini, akaniuliza ni wa nani.

Ni mimi mdogo wako,
Sabuni