Soulé, miaka 38, hana mke

Moroni, Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Faili langu limerudishwa. Tena! Cheti cha mshahara wa Batoul hakifai — kina muhuri wa Mutsamudu, na Moroni haitambui mihuri ya kisiwa kilichojitenga. Mwanafunzi wa umri wangu mwenye mke lazima athibitishe kipato cha mkewe, la sivyo hapati ufadhili. Nikamuuliza karani: mke wangu ni mwalimu kule Nzuani, muhuri mwingine autoe wapi? Akasema, kwa upole kabisa, kwamba asiye na mke haulizwi kitu.

Miaka kumi na minne nimefundisha darasa la kwanza. Nisiposoma safari hii, ndiyo basi.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimeandika. Sina mke. Karani hata hakuinua macho. Nikatembea mpaka soko la Volo Volo, nikanunua ndizi, nikazilipia, nikaziacha palepale. Ni wino tu. Ni wino tu!

Jumatatu, 19 Oktoba

Nimepata! Ufadhili mzima, miaka miwili. Lakini wajinga hawa wamebandika orodha nje: jina, umri, hali ya ndoa. Moinaecha, binamu yake Batoul anayeuza vitambaa sokoni, alikuwa mbele ya ubao kabla yangu. Alinisalimia vizuri mno. Naogopa.

Ijumaa, 23 Oktoba

Barua, kwa mkono wa abiria wa meli. Batoul hatukani. Angetukana ningepumua. Amekwenda kwa kadhi kuuliza: mume akiandika kwamba hana mke, ameacha au hajaacha? Kadhi amemjibu kwamba inategemea nia, mume aje aape mwenyewe.

Talaka mbili tunazo tayari. Zote za hasira zangu, zote nilimrejea. Ya tatu haina kurejea. Naondoka na meli ya keshokutwa. Chuo — watajua wenyewe.

Mutsamudu, Jumatatu, 26 Oktoba

Bandarini wanamgambo wamenipekua mpaka soksi, kana kwamba nimebeba jeshi la Moroni ndani ya begi.

Nikafika nyumbani. Nyumbani? Nyumba ni ya Batoul, alijengewa na wazazi wake, kama kawaida yetu. Mama mkwe, Bi Ismahane, amenikaribisha chumba cha mbele, cha wageni. Chakula kimeletwa kwenye sinia, kimefunikwa. Pazia la ndani halikufunguka. Nimekula wali wa mke wangu kama mpita njia. Nimeona aibu, kisha hasira, kisha aibu tena.

Jumanne, 27 Oktoba

Kwa kadhi. Mzee Djoumoi hakugusa habari za mihuri.

"Karatasi za serikali sizijui, mwanangu. Siku ile, kalamu mkononi, moyo wako ulikusudia nini?"

Jibu nilikuwa nalo tangu melini: nilikusudia ufadhili. Halikutoka. Kwa sababu nilipoandika, nilikaa na neno lile kidogo. Nikajiona na chumba kimoja, vitabu, hakuna wa kuniuliza nitarudi lini. Na nikapenda. Hiyo ni nia? Au ni uchovu tu wa mtu mzima? Kadhi amenipa mpaka kesho alasiri. Laiti angeniuliza jambo lingine lolote!

Jumatano, 28 Oktoba, baada ya adhuhuri

Batoul amekuja, akasimama nyuma ya pazia. Nimeona vidole vya miguu tu. Nikaharakisha: nitaapa kwamba ulikuwa ufadhili, basi, tumalize. Hakunipa nafasi ya kumaliza.

"Ukiapa uongo, mwenzangu, mimi nitakuwa nalala na nani?"

Akangoja, kisha akaenda zake jikoni.

Namtaka. Wallahi leo namtaka mke wangu kuliko chuo na vyeti vyote vya Moroni. Lakini kadhi haniulizi ya leo.

Wanaadhini alasiri. Kofia yangu siioni —