Bukuru wa Kibondo na Akiba Iliyozidi Katika Kadi Yangu

Mpendwa Mshauri,

Nakuomba unisaidie kufikiri, maana kwa wiki tatu sasa nafikiri peke yangu, na kila ninapofika mwisho najikuta nimerudi mwanzo. Mimi ni fundi seremala wa misheni moja hapa Kasulu, nakaa Heru Juu, mwezi Aprili nimetimiza miaka hamsini na mitano na mwezi Agosti naweka randa chini, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikikatwa kidogo katika mshahara wangu ili kiende katika mfuko wa akiba ya uzeeni, na mwajiri anaongeza kiasi kile kile, wala sikupata kuuliza zimefika ngapi, kwa kuwa niliona fedha ya uzee ni kama mbegu iliyokwisha kufukiwa, ukiifukuafukua haioti.

Basi mwezi Mei ikaja taarifa ya mfuko pamoja na fomu, wakitaka nikubali kwa sahihi yangu kwamba hesabu ni kamili, ndipo nilipwe na kadi yangu ifungwe, na kwa hesabu yangu mwenyewe, ambayo niliifanya juu ya ubao kwa kalamu ya useremala, nilistahili shilingi elfu mbili na mia saba pamoja na faida, lakini karatasi inasema elfu nne na mia tisa, nami nikaisoma mara nne nikidhani macho yamechoka, nikampa mwanangu Reverien aisome, naye akasoma hivyo hivyo.

Nilipotazama vizuri nikaona michango iko mistari miwili karibu kila mwezi, mmoja umeandikwa Kasulu na mwingine Kibondo, na hapo nikakumbuka jambo ambalo nalikiri kwako kabla sijalikiri kwa mtu mwingine, kwamba mwaka 1972 ilinijia barua ya mfuko ikisema ziko kadi mbili zenye jina la Bukuru T., moja ya Kasulu na moja ya Kibondo, je, zote ni zako? Nami mwaka uliotangulia nilikuwa nimepelekwa Kibondo miezi miwili kuezeka kanisa, nikadhani wameniandikia kadi nyingine huko, nikajibu kwamba ndiyo, zote ni zangu, nikatia sahihi nikarudi kwenye mbao zangu, na baada ya hapo tukahamia kijiji kipya mwaka 1974 na kama taarifa nyingine zilikuja sikuziona.

Wewe huenda si mtu wa huku, kwa hiyo nikueleze kwamba katika Uha jina la namna hii halitafutwi, mtoto huja nalo, yaani mapacha wakizaliwa wa kwanza ni Bukuru na wa pili ni Butoyi, na anayewafuata tumboni ni Chiza, hata ukisimama sokoni Kasulu ukaita Bukuru watageuka watu sita, na mimi pacha wangu Butoyi yuko hai, analima maharage Manyovu, lakini sikuwahi kufikiri kwamba Bukuru mwingine anaweza kuingia katika kadi yangu kama mgeni anayeingia nyumba asiyoijua akakuta kitanda kimetandikwa.

Sasa mtu huyu ananisumbua akili kuliko fedha zake, maana nimeisoma michango yake kama barua, mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wangu, alianza mwaka 1968, halegei hata mwezi mmoja, na mpaka Machi mwaka huu bado analipa, ila mwaka 1970 anapotea miezi mitatu kisha anarudi, na mwaka 1973 tena anapotea miezi mitatu kisha anarudi, nami najiuliza bwana huyu alikuwa wapi, aliugua, au alikwenda kwao Burundi kuzika, na mwajiri gani anamkubali mtu anayetoweka hivyo na kurudi.

Shemeji yangu Nestori, ambaye ana jibu kwa kila swali, alisema bwana huyo alifungwa kwa magendo ya kahawa, na mfungwa hana akiba, kisha akaniambia, "Shemeji, Bukuru ni Bukuru. Ofisi yenyewe imesema ni zako, wewe nani uibishie ofisi?" Mke wangu Immakulata alikuwa anachagua mawe katika maharage, akaniomba nimsomee tena ile miezi, nikamsomea, akacheka peke yake na kusema, "Miezi mitatu, halafu kazini. Baba Reverien, na watoto sita wote hawa, bado hujui?" Nikamwuliza najua nini, akasema nikimaliza kufikiri nimwambie, na mpaka leo hajanieleza.

Jambo la mwisho ni kwamba kabla sijakaa kufikiri nilikwisha kwenda dukani kwa Bwana Athuman nikaagiza bati sitini, za nyumba na za jiko na za banda la kazi, naye amenitengea, na kumi nimekwisha kuzibeba. Kwa haki yangu naweza kulipa thelathini na kubakiwa na cha kuanzia uzee, lakini sitini siwezi ila kwa fedha za yule bwana. Nimefikiri nitie sahihi, nichukue zote, kisha nimtafute nimpe zake mkononi pole pole. Fomu inatakiwa kabla ya tarehe thelathini Juni. Je, nitie sahihi?

Bukuru T.,
Heru Juu, Kasulu.


Ndugu Bukuru,

Usitie sahihi. Nimelitanguliza jibu kwa sababu tarehe thelathini iko karibu, na wewe ni mtu wa kutia sahihi kwanza na kusoma baadaye.

Nakuhurumia, kwani kosa la mwaka 1972 halikuwa la wizi. Ofisi ilikuuliza jambo ambalo ilipaswa kulichunguza yenyewe, nawe ukajibu kama mtu anayetaka barua imwondokee. Lakini usijifiche nyuma ya karani. Uliulizwa kama kadi mbili ni zako, na hukuiomba ofisi ikuonyeshe hiyo ya pili. Hata mlango wa kabati huufungi bila kupima. Kwa nini uliupima ubao na hukuipima akiba ya uzee wako?

Sasa nikujibu swali ambalo mkeo amekuachia. Nilipata kuishi Kasulu miaka minne, na jirani yangu mmoja, mwanamke, mke wa mwalimu, alikuwa akiitwa Bukuru. Naye alikuwa na kaka yake pacha aliyeitwa Butoyi. Jina hili linafuata nani ametangulia kutoka, halichagui wa kiume na wa kike; wewe mwenye jina unalijua hilo kuliko mimi, ila umeishi na Bukuru mmoja tu kichwani. Barua yako nzima inasema bwana huyu, bwana yule. Ndugu yangu, bwana gani anaacha kazi miezi mitatu kamili, anakaa miaka mitatu, anaacha tena miezi mitatu kamili, na kila mara anarudi pale pale kwa mshahara ule ule? Huyo hakufungwa wala hakuvusha kahawa mpakani. Alikwenda kujifungua, na miaka ile wengi walikaa nyumbani bila mshahara, na bila makato, mpaka mtoto apate nguvu. Mama Reverien aliliona hilo akichagua mawe. Mwombe radhi, na siku nyingine umsomee barua za ofisi kabla ya kumpelekea shemeji yako.

Unaona basi ni fedha za nani ulizotaka kuezekea jiko. Ni za mwanamke mwenye mshahara mdogo kuliko wako, aliyelea watoto wawili na hakulegea mwezi hata mmoja uliokuwa na kazi. Kama naye ameletewa taarifa, basi ameambiwa hana kitu tangu mwaka ule ulioandika ndiyo. Kama hakuletewa, anaamini akiba ipo. Sijui lipi ni baya zaidi.

Wazo lako la kuchukua zote na kumpa mkononi pole pole linaonekana la huruma, lakini ni baya. Ukishalipwa, kadi inafungwa. Yeye bado yuko kazini, na michango yake inaendelea kuja katika kadi hiyo hiyo, itaingia wapi? Na siku akistaafu, ofisi itafungua daftari na kumwambia, mama, wewe ulilipwa mwaka 1977, sahihi yako hii hapa. Atamwonyesha nani shilingi ulizompa mlangoni? Tena neno pole pole silipendi kabisa. Mtu hasemi pole pole anaporudisha kitu ambacho bado anacho.

Kilichozidi katika akiba kinatoka kwa njia ile ile kiliyoingilia. Mwandikie meneja wa mfuko huko Kigoma barua fupi, nakala tatu. Sema kwamba mwaka 1972 ulikubali kadi ya Kibondo kwa makosa, kwamba kadi hiyo si yako, na kwamba unaomba kadi mbili zitenganishwe. Ambatanisha barua ya misheni yako inayoonyesha mshahara wako na makato yako ya miaka yote kumi na mmoja, ili ijulikane wapi pako panaishia. Faida iliyozaliwa na michango yake iende pamoja na michango yake. Ndama haachwi zizini eti kwa kuwa ng'ombe alilala kwako. Fomu uirudishe bila sahihi, kabla ya tarehe thelathini, na barua hiyo juu yake, wakugongee muhuri katika nakala yako. Malipo yako yatachelewa mwezi mmoja au miwili. Utavumilia. Yeye amechelewa miaka mitano bila kujua.

Kwa Bwana Athuman nenda kesho, si keshokutwa. Mwambie umekosea hesabu, unataka thelathini, zile kumi zikiwa miongoni mwake. Usimsimulie mengine. Mfanyabiashara anaelewa mtu aliyepunguza oda kuliko mtu aliyekimbia deni. Banda la kazi liezeke kwa nyasi. Wewe ni fundi, hutaaibika kwa nyasi zilizofungwa vizuri.

Kisha panda lori la Kibondo. Nasema wewe mwenyewe, usimtume Nestori. Taarifa yako lazima ina namba ya mwajiri katika mstari wa pili. Ofisi ya Kigoma itakuambia ni ya nani. Nenda na mkeo, maana mwanamume mgeni anayeulizia mke wa mtu na kutaja fedha anaweza kufukuzwa kabla hajamaliza salamu. Mpe nakala ya tatu ya barua yako mkononi mwake, mbele ya mwajiri wake, umweleze kwa kinywa chako ulichofanya. Akikukaripia, sikiliza mpaka amalize. Akikukaribisha ugali, kula.

Hamu yako ya kumjua mtu kwa miezi yake sikuilaumu, hata kama umeniona mkali. Ndiyo iliyokuzuia usitie sahihi wiki tatu zote hizi, wakati Nestori asiyetaka kujua lolote alikwisha kukata shauri kwa dakika moja. Nami umeniambukiza. Huna haja ya kuniandikia wakikulipa, wala bati zikifika. Lakini ukirudi kutoka Kibondo niandikie mstari mmoja tu: hiyo T yake ni jina gani, na Butoyi wake yuko wapi.