Mchumba Wangu Hataki Kuficha Kwamba Alifungwa

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie haraka maana Jumamosi wanakuja kuniposa na mimi usingizi sina. Naitwa Amna, mchumba wangu Harithi ni fundi seremala wa Naipingo kule Nachingwea, ananipenda nami nampenda, tatizo alipokuwa kijana mdogo aliiba gunia la korosho akafungwa gereza la vijana, hilo hakatai, na mjomba wangu ambaye ndiye mwenye kauli juu ya ndoa yangu anasema posa ataipokea ila mbele ya wazee Harithi aseme miaka ile alikuwa Kariakoo anauza nguo, basi, yaishe. Harithi kagoma. Anasema gereza lile lilijengwa enzi za Mwingereza na ukuta wake waliujenga vijana haohao waliofungwa, baada ya uhuru ikasemwa patakuwa mahali pa kufundishia kazi lakini yeye alikuta randa moja kwa darasa zima, wanalala ubavu sakafuni, mmoja akitaka kugeuka mpaka wageuke wote, upele hauishi, na rafiki yake Faridi aliugua homa wakaomba apelekwe hospitali wakaambiwa anajifanya, akafia mikononi mwao. Nikimbembeleza ananiuliza, "Mimi nikiwa Kariakoo, Faridi alifia wapi?" Naishia kulia. Mjomba naye anasema, "Mpwa wangu haolewi na jela." Mshauri, nifundishe maneno ya kumlainisha Harithi aseme huu uongo mdogo tu, sitaki kumkosa.

Amna, Nandagala, Ruangwa

MSHAURI ANAJIBU

Amna binti yangu, pole. Ila maneno ya kumlainisha Harithi sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Wenzako wananiandikia kila wiki wakilia na waume waongo, wewe umepata mkweli unataka nikusaidie kumharibu!

Na huo uongo si mdogo. Njia ya mwongo ni fupi. Msimu wa korosho watu wa Nachingwea na Ruangwa wanachanganyika minadani, atatokea mmoja anayemjua, na siku hiyo mjomba atasema umemwaibisha, wakati uongo kautunga yeye.

Harithi aliiba, akafungwa, akamaliza. Kifo cha Faridi si aibu yake. Ni aibu ya walioambiwa kijana anaumwa wakapuuza. Hao hawajifichi, kwa nini yeye ajifiche?

Sasa fanya hivi. Leo hii mweleze mama yako yote, maana mjomba ni kaka yake na dada mtu anajua pa kumshika. Kisha nenda kwa mjomba mwenyewe, piga goti kama ulivyolelewa, msalimie vizuri, umwambie hutaolewa kwa uongo wa Kariakoo. Akifoka mwache afoke, kufoka si kukataa.

Jumamosi usijifiche chumba cha ndani na kanga usoni. Kaa karibu na mlango. Wazee wakiuliza kijana alikuwa wapi miaka ile, usimwachie Harithi mzigo peke yake. Jibu wewe, kwa sauti, na jina la Faridi ulitaje.