Kichuguu cha Kipande cha Tisa

Nyumbani,
17 Septemba 2024

Kaka Telesphori,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Melania, na kwamba Blessing amepona kifua. Sisi tu wazima, ila jua ni kali na ng'ombe wameanza kukonda. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unazungumza haraka, nami najikuta nimeshakubali.

Aprili uliponiombea ruhusa kwa baba nikusaidie kupima nyasi, nilifurahi mno. Ulinieleza kwamba kampuni iliyokupa kibarua inataka kujua kama ardhi ya mgodi uliofungwa imepona, na kwamba ili kulinganisha tutapima pia ngitili yetu, yale malisho tunayoyafunga masika yote ili ng'ombe wapate cha kula kiangazi. Wewe ulishika kamba, mimi nikalaza fremu ya mita moja kwenye kila kipande cha ardhi tulichopima na kuandika kila jani lililokuwa ndani yake. Meshack, aliyekuwa akichunga jirani, alinitania kwamba kumbe nimesomeshwa hadi kidato cha tatu ili niwapangie ng'ombe chakula. Baadaye yeye ndiye aliyenitajia majina ya Kisukuma.

Kule mgodini tulipata aina mbili tu za nyasi, na vipande vingi vilikuwa udongo mtupu. Kwenye ngitili tulipata aina kumi na moja. Niliyanakili matokeo yote kwa mwandiko safi, kwa kuwa ulisema wako unafanana na nyayo za kuku.

Julai, mtendaji wa kijiji, Bwana Stanslaus, alisoma ripoti mkutanoni. Ilisema ardhi ya mgodi ina aina kumi na moja za nyasi, hivyo kijiji kihamishie mifugo huko, na ngitili zetu zichukuliwe na kampuni kwa uchimbaji mpya. Watu walinung'unika. Baba alisimama akasema hawezi kubishana na kipimo kilichoandikwa na mwanawe, akanigeukia na kuniuliza kama hesabu ile ni yangu. Unajua ninavyokuwa watu wakinitazama. Nilidhani labda mtendaji amekosea kusoma. Nikasema ndiyo. Baba akaweka sahihi ya kukubali, na wengine wakamfuata.

Kesho yake niliomba ripoti nikaisoma. Kipande cha tisa, cha mgodini, kimeandikwa kuwa na kichuguu upande wa mashariki. Kaka, kule katapila lilisawazisha kila kitu. Kichuguu kile ni cha kwetu, wewe mwenyewe ulikikalia ukila karanga.

Nilipokupigia ulisema karatasi zilichanganyika ofisini, nisubiri, utarekebisha. Nilisubiri. Agosti wifi akatuma ujumbe wa furaha kwamba umepata ajira ya kudumu kwenye kampuni, na ripoti ikabaki vilevile. Nimefikiri sana kwa nini hukumchukua msaidizi mwingine, wakati wapo waliomaliza chuo. Naona ulimchagua mtu ambaye baba anamwamini, na ambaye hawezi kusema mbele za watu.

Lakini nami nina la kuungama. Nilijua tangu Julai nikanyamaza, kwa sababu nilikupenda kuliko nilivyoihurumia ngitili. Jumapili, baada ya misa, nilimweleza baba yote. Hakunikemea. Aliniuliza swali moja tu, siku ile nani alishika kamba. Nikakutaja. Aliiacha chai yake bila kuinywa, akaenda kwa mtendaji.

Jumamosi tarehe 28 ngitili na mgodi vitapimwa upya mbele ya kijiji kizima, na watu wa kampuni wameitwa. Nitasoma hesabu mimi mwenyewe, kwa sauti, hata watu wote wakinitazama. Mama anaomba uje. Baba amesema ukija utapewa kiti kama mgeni mwingine yeyote. Kamba ataishika yeye.

Msalimie wifi, na umbusu Blessing kwa niaba yangu. Mama anakusalimu. Baba hakuniagiza salamu.

Mimi mdogo wako,
Elieth