Zaburi Aliyoiacha Baba Yako

Mtaa wa Karakana,
Nyumba ya pili, ghorofani.
Tarehe 9 Septemba.

Mpendwa mwanangu,

Marahaba. Najua ungenitangulia kuniamkia kama ungekuwa hapa, kwa hiyo nakuitikia kabla hujafungua mdomo. Hujambo? Mume wako, fundi umeme, hajambo? Na mjukuu wangu Kipepeo, meno ya mbele yameshaota au bado akiongea anapiga mluzi? Uliandika kwamba mgongo unakuuma kwa kusimama wodini kutwa nzima. Natumaini umepata nafuu. Mimi baba yako mkubwa sijambo, ila magoti ndiyo siku hizi yanayoniamulia niende wapi na nisiende wapi.

Sasa kaa chini. Kile alichokuambia baba yako kuwa ni mafua si mafua. Ni uvimbe kooni, na Alhamisi ya wiki ijayo asubuhi atapasuliwa. Daktari hakuzunguka: uvimbe utatoka, lakini huenda ukaondoka na sauti yake. Baba yako alitaka usiambiwe mpaka mambo yaishe. Nimekaidi. Simu ningepiga, lakini nina maelezo marefu, na unajua mimi kwenye simu huishia kupiga kelele tu. Muuguzi mwenzako anayesafiri Jumamosi atakukabidhi hii mkononi.

Koo lina daktari wake. Lililonishinda mimi ni jambo jingine.

Unamkumbuka baba yako alivyokuwa akijalidi vitabu, sindano mkononi na zaburi mdomoni, ile ya mtu anayemuuliza Mungu kwa nini amemwacha. Bibi yako alitufundisha sote wawili tukiwa wadogo, na baba yako aliisema kila asubuhi tangu mwaka aliofungua karakana. Wateja walizoea kusimama mlangoni mpaka amalize. Basi, ameiacha. Huu ni mwezi wa pili hajaisema, na ikiwa Alhamisi itakwenda kama daktari anavyoogopa, hatutaisikia tena kwa sauti yake.

Yupo mhubiri mmoja hapa mtaani, watu wanamwita Kipaza. Anafundisha kwamba Agano la Kale ni la watu wengine na la zama nyingine, na kwamba Mkristo akishika maneno yake anajirudisha kifungoni. Sitaki kumsengenya. Baba yako alipoanza kuugua, Kipaza alikuja kumwona siku nne mfululizo, akamfagilia karakana. Mimi nilifika siku ya tano, nikiwa na vitabu viwili kwapani.

Jumatatu iliyopita nilimkuta baba yako ameweka mezani Biblia ya bibi yako, ile kubwa yenye jalada jeusi, na kisu cha kukatia karatasi pembeni. Alikuwa ameshaipasua mgongo mahali Agano la Kale linapokwisha. Fundi aliyejalidi vitabu miaka thelathini na sita anajua kwamba kitabu kilichoshonwa hakikatwi katikati: uzi ni mmoja, ukiukata unalegea kote. Kurasa za mwanzo za Mathayo zilikuwa zimeshaanza kudondoka sakafuni, naye anaziokota bila kunitazama.

"Chukua yako, kaka," akaniambia kwa hiyo sauti iliyobaki, ya kukwaruza, akinisukumia nusu ya Agano la Kale. "Ile nene. Wewe ndiye unayependa vitu vizito."

Ule ukurasa wa katikati, walipoandikwa wote waliozaliwa nyumbani kwetu, wewe ukiwamo, aliushika kwa muda. Hakujua uende upande gani. Mwishowe akaubana chini ya kopo la gundi.

Nikaokota ukurasa mmoja wa Mathayo, nikamwonyesha ile orodha ya mababu wa Yesu, toka Ibrahimu na kuendelea. Nikamuuliza, "Na hawa ni akina nani? Utawajuaje, na habari zao zote umenipa mimi?"

"Majina tu hayo," akasema. "Mimi huwa nayaruka."

Mwanangu, unanijua. Nikavuta kigoda nikaanza. Nikamweleza kwamba waamini wa kwanza walikuwa Wayahudi kama Yesu mwenyewe, wakisali hekaluni, na hawakujiona wamehama dini. Kwamba maandiko waliyosoma wakikutanika yalikuwa hayo hayo aliyonisukumia mimi, maana mengine yalikuwa bado hayajaandikwa. Kwamba kumwita Yesu Kristo ni kumwita Mpakwa Mafuta, na huwezi kujua maana ya mafuta hayo bila wafalme na makuhani wa zamani. Kwamba karamu ya Bwana imetoka mezani pa Pasaka ya Wayahudi. Kwamba mitume waligombana sana, lakini ugomvi wao haukuhusu iwapo Wayahudi wabaki ndani. Ulihusu iwapo sisi watu wa mataifa, tusio Wayahudi, tuingie, na kwa masharti gani. Wageni ni sisi, nikamwambia, na mgeni hamfukuzi mwenye nyumba.

Nikamwambia pia kwamba kisu chake si kipya. Katika karne ya pili alitokea tajiri mmoja mwenye meli aliyetaka kanisa liyatupe maandiko ya Kiyahudi yote, libaki na Injili moja, nayo ameipunguza, pamoja na barua chache. Kanisa lilimkatalia.

Mwisho nikamwambia lile nililodhani litamgusa. Maneno aliyolia Yesu msalabani, akiuliza kwa nini ameachwa, hakuyatunga pale. Ni mwanzo wa zaburi hiyo hiyo ya bibi yako. Naamini naye aliijua tangu utotoni, kama sisi. Pumzi ilipomwishia, alishika sala ya kwao.

Baba yako akaendelea kupanga kurasa. Kisha akasema, "Umemaliza? Basi nikukumbushe darasa lako. Ulisema Agano la Kale ni jukwaa wanalosimamia mafundi wakijenga. Nyumba ikisimama, jukwaa hubomolewa. Nabomoa, kaka. Nyundo ulinipa wewe."

Ni kweli. Nilikuwa mwalimu kijana wa Biblia, nimetoka chuoni na cheti chenye muhuri, na mfano ule wa jukwaa niliupenda kwa kuwa ulifanya darasa licheke. Niliufundisha zaidi ya miaka ishirini kabla sijaelewa kwamba nilikuwa nawafundisha watu kung'oa msingi. Nilipoelewa nikauacha kimyakimya. Sikurudi kwa niliowafundisha nikawaambia nilikosea. Wala kwake sikurudi, na nyumba zetu zinatazamana.

Siku hiyo nilimwambia. Nilisema, "Nilikosea, mdogo wangu." Akanijibu, "Kipaza hakosei kila baada ya miaka ishirini." Nikataka kumtolea ile methali ya sikio la kufa, nikakumbuka ninaongea na nani, nikaumeza ulimi.

Mama yako ametuchoka. Juzi aliingia karakana akatuambia, "Nyie wazee mnavutana kitabu kama watoto wanaolala shuka moja, na mwenye koo ni mmoja tu!" Ana haki.

Nimejaribu tena mara mbili. Kadiri ninavyoeleza ndivyo anavyojikunja. Elimu yote niliyo nayo kuhusu jambo hili, na ni jambo ninalolijua, haijaweza kumrudishia ndugu yangu sala moja. Naogopa ataingia chumba cha upasuaji akiwa na hofu, na maneno ya kuisema hofu hiyo nimemnyang'anya mimi.

Jana akanitumia mtu niende kwake. Akasema anataka nikae naye Alhamisi tangu alfajiri mpaka watakapomchukua. Nikafurahi. Kisha akaongeza, "Njoo, kaka. Lakini usinifundishe." Nimeahidi. Nitakaa kwenye benchi kando yake nikiwa nimefunga mdomo, hata kama moyo unaisema ile zaburi mstari kwa mstari.

Mpigie simu kabla ya siku hiyo. Usimtajie Biblia, usimtajie mimi. Mwache aongee lolote, hata kuhusu bei ya uzi, nawe umsikilize tu. Na ukiomba huko uliko, omba kwa maneno yatakayokujia. Mimi yangu yamekwisha.

Msalimie mume wako, mbusu Kipepeo, na umwambie binamu yako mshonaji kwamba koti lilinitosha. Mama yako anakusalimu. Mungu wa baba zetu akulinde kazini na nyumbani, na mgongo wako aunyooshe.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Baba yako Mkubwa.